Mlango Unaoifaa Nyumba ya Zamani ya Nairobi: Namna ya Kuuchagua

Shangazi yangu alipoinunua nyumba yake ya Pangani, mlango wa mbele ulikuwa wa mabawa mawili membamba, mbao nzito iliyopaushwa na jua, na juu yake kidirisha chenye nondo zilizopindwa kama miale. Kisha wezi wakaingia kwa jirani, nasi tukaogopa. Haikupita wiki mlango ule ukang'olewa. Mahali pake pakaja mlango wa chuma wenye mistari ya kuiga mbao, na kwa kuwa ulikuja na fremu yake fupi, kidirisha cha juu kikazibwa kwa mawe na saruji. Mlango wa zamani ulibebwa kwa mkokoteni, na hatukuuona tena.

Siku hiyo hiyo ukumbi uliingia giza. Baada ya miezi michache joto la alasiri likawa halitoki ndani, na ukuta wa nyuma ya kabati ukaota kuvu. Hapo ndipo tulipotambua kwamba kidirisha kile kilikuwa pua ya nyumba: hewa ya moto ilipandia hapo ikatoka, na mwanga ukaingilia hapo hata mlango ukiwa umefungwa. Tulikaa na kosa letu miaka minne kabla ya kupata fedha za kulirekebisha. Haya ninayoyaandika ni yale tuliyojifunza njiani, kutoka kwa maseremala, kwa majirani, na kwa kuharibu.

Anza na ukuta, duka litangoja

Nairobi ni mji mchanga. Ulianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na nyumba zake kongwe hazijafika mbali zaidi ya karne moja. Lakini ndani ya muda huo umejengwa na mikono mingi, na kila mkono ulikuwa na mlango wake. Kwa hiyo hakuna kitu kimoja kiitwacho mlango wa kizamani wa Nairobi. Ukiingia dukani ukaomba mlango wa kizamani, utauziwa wowote wenye nakshi nyingi.

Vuka barabara, simama upande wa pili, uitazame nyumba yako. Tazama kwanza paji lake, pale juu chini ya paa. Majengo mengi ya Ngara, River Road na Biashara Street yameandikwa mwaka wa kujengwa kwa plasta iliyoinuka, na hilo peke yake linakupa nusu ya jibu. Tazama madirisha: ni ya mbao au ya vyuma vyembamba? Vioo vyake ni vidogo vidogo au ni kimoja kikubwa? Mistari yake imesimama au imelala? Tazama sakafu ya kizingitini, kisha nenda ukatazame milango ya ndani. Milango ya vyumbani na ya stoo haibadilishwi sana, na mara nyingi ndiyo shahidi pekee aliyebaki wa jinsi mlango wa mbele ulivyokuwa. Jirani naye ni shahidi. Nyumba hizi zilijengwa kwa safu, na katika safu ya nyumba kumi hukosi moja ambayo mzee wake alikataa kubadilisha kitu. Bisha hodi, jieleze, omba kupiga picha na kupima.

Kama nyumba yako ni bangalo la mawe ya kijivu yaliyochongwa, lenye veranda na vigae vyekundu vya udongo vya mtindo wa Mangalore, India, kama yaliyobaki Kileleshwa, Lavington, Muthaiga au Karen, mlango wake ni wa paneli, mpana, wa bawa moja. Mara nyingi nusu ya juu ina vioo vidogo vinavyofuata mgawanyo wa vioo vya madirishani. Kwenye veranda utakuta milango ya vioo ya mabawa mawili. Nyumba hizi hazikuwa na nakshi nyingi, na uzuri wao uko kwenye upana wa mbao na utulivu wa mistari. Ukiziwekea mlango wenye maua ya kuchonga na kioo cha rangi katikati, mawe yale yanaonekana maskini ghafla.

Nyumba zilizojengwa na Wahindi kati ya miaka ya 1920 na ya 1950, huku Ngara, Pangani, Parklands na Eastleigh, zina lugha nyingine. Milango ni ya mabawa mawili, myembamba na mirefu, na juu yake kuna kidirisha cha hewa chenye grili ya mapambo. Nyingi zina kona za mviringo, sakafu za tarazo na mistari ya plasta inayozunguka ukuta. Grili ya dirisha, grili ya baraza ya juu na grili ya kidirisha cha mlango zilitoka kwa fundi mmoja kwa mchoro mmoja: miale, mawimbi, mistatili iliyopandana. Ukipoteza kidirisha cha mlango, chukua mchoro kutoka dirishani umpelekee fundi wa kuchomelea. Sisi tulifanya hivyo. Fundi wa Kamukunji aliitazama picha ya grili ya dirisha la jikoni kwa dakika mbili, akapinda nondo kwa mkono, na leo mgeni hawezi kujua ipi ni ya zamani na ipi ni mpya.

Estate za Eastlands ndizo ninazoziombea huruma zaidi, kwa sababu watu hudhani hazina cha kuhifadhiwa. Kaloleni ya miaka ya 1940, kwa mfano, imepangwa kwa makini: nyumba ndogo za mawe zimezunguka viwanja vya nyasi, paa za vigae, ukumbi wa kijamii katikati. Mlango unaofaa nyumba kama hizo ni wa mbao zilizosimama, zimeshikwa kwa nyuma na mikanda ya kulala na mmoja wa mshazari. Ni mlango rahisi kuliko yote, seremala yeyote anayejua kazi anaweza kuutengeneza, na ubao mmoja ukioza unabadilishwa huo tu. Nyumba za Kiswahili za Majengo, Pumwani, mtaa ulioanzishwa miaka ya 1920, nazo zina mlango wa mbao unaofungukia ukumbi mrefu wa katikati wenye vyumba huku na huku. Ukumbi huo hupata hewa kwa milango ya mbele na nyuma kuwa wazi pamoja, basi mlango wa mabawa mawili hapo ni bora, ufungue moja upishe upepo huku nyingine ikikusitiri.

Na Buruburu? Ndiyo, naihesabu. Nyumba za miaka ya 1970 ni historia ya mji huu pia. Mlango wake halali ni bapa, hauna paneli wala nakshi, pengine na kipande kirefu cha kioo ubavuni. Mwenye nyumba ya namna hii asidanganywe kwamba mlango wa paneli sita utaipandisha hadhi. Mlango bapa wenye mbao nzuri juu, uliopakwa mafuta vizuri, ndio unaoifaa nyumba ile.

Neno kuhusu milango ya Lamu

Watu wengi wa Nairobi wanaipenda milango ya kuchongwa ya pwani, nami naipenda kupita kiasi. Lakini mlango ule ulizaliwa katika ukuta mnene wa matumbawe, mbele yake pana daka, yaani kibaraza cha kuingilia chenye viti vya mawe, na uzito wa miimo (nguzo za ubavuni) na mfaa (nguzo ya katikati ya mabawa) wake unataka ukuta wa kuubeba kwa macho. Ukiuchomeka kwenye ukuta mwembamba wa inchi sita, unaonekana umesimamishwa kungoja gari. Kama moyo hautulii, utafutie mahali penye unene: nguzo za lango la ua, au mlango wa ndani unaoingia sebuleni. Na umwagize fundi wa Lamu mlango mpya. Mlango wa zamani uliong'olewa kwenye nyumba ya pwani umeacha tundu kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Kabla ya kununua, utibu ulio nao

Hapa ningependa usimame muda mrefu. Mlango uliodumu miaka sabini ulitengenezwa kwa mbao ambazo leo huzipati kwa bei yako wala yangu: msaji, mvule, mkangazi wa miti mikubwa iliyokauka taratibu. Mara nyingi ugonjwa wake ni mdogo.

Ukikwaruza sakafu, usikimbilie kuurandia chini. Inua bawa kwa mkono upande wa kitasa. Likicheza, tatizo ni skrubu za bawaba ya juu. Zitoe, jaza matundu kwa vijiti vya mbao ngumu vilivyopakwa gundi, vikate sawa, kisha rudisha skrubu ndefu zaidi. Ukikwama wakati wa mvua tu, mbao imevimba kwa sababu kingo hazikupakwa rangi, na dawa yake nitaifikia. Kisha chukua kisu chenye ncha, uchome polepole sehemu ya chini, sentimita kumi na tano za mwisho, maana ndiko mvua inakorukia. Kisu kikiingia kama kwenye mkate, ubao wa kulala wa chini umeoza, lakini huo mmoja unaweza kubadilishwa na mlango ukabaki. Choma na miimo karibu na sakafu, hasa ukiona udongo mwembamba wa mchwa.

Jambo moja la hatari. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usikwangue rangi kongwe kwa msasa mkavu, wala usiichome kwa moto. Lowesha maji, tumia msasa wa maji, funika pua na mdomo, tandika karatasi ya nailoni chini, na watoto wakae mbali mpaka uchafu wote ukusanywe na kutupwa.

Ikiwa kweli hauponi, tafuta mwingine wa rika lake. Mabangalo ya Kilimani na Kileleshwa yamekuwa yakibomolewa kupisha maghorofa, na wabomoaji huuza milango, fremu na madirisha. Nenda na vipimo vyako mfukoni. Mlango wa kuukuu unaweza kupunguzwa milimita chache kila upande, si zaidi, kwa sababu ukikata sana unafikia maungio yanayoushika. Ukiwa mfupi ni rahisi kuuongezea kipande chini kuliko kuutanua.

Pima kama vile huamini

Nyumba zilizojengwa kabla nchi haijahamia mita zilipimwa kwa futi na inchi. Milango iliyopendwa ilikuwa futi 2 na inchi 8 kwa futi 6 na inchi 8, sawa na milimita 813 kwa 2032, au futi 2 na inchi 6 kwa futi 6 na inchi 6, yaani 762 kwa 1981. Madukani leo utauziwa 900 kwa 2100. Fundi mwenye haraka atakuambia atabomoa ukuta kidogo uingie. Hicho "kidogo" ndicho kilichokula kidirisha chetu. Mlango ndio uletwe kwenye saizi ya nafasi.

Pima upana mahali patatu, juu, katikati na chini, na urefu kushoto na kulia. Kisha pima mshazari kutoka kona hadi kona, pande zote mbili. Mishazari ikitofautiana, fremu imeenda upande, na seremala lazima ajue kabla hajakata. Andika kipimo kidogo kabisa. Pima pia unene: mlango wa nje wa zamani huwa na inchi 1 na robo tatu, yaani milimita 44. Ukiwa mwembamba zaidi hautajaza ukingo wa fremu, na kitasa cha kuzamishwa, kile kinachoingizwa ndani ya ukingo wa mlango, kitakula mbao yote.

Mbao

Mlango wa nje unaolowa mvua unataka mvule au mkangazi ukiweza. Mvule hauchezi sana na mchwa hawaupendi. Muuru wa Meru ni mzuri mno ukiupata mkavu. Saipresi inafaa kwa mlango wa mbao zilizosimama, wa kupakwa rangi, chini ya veranda yenye kivuli. Mukima, yaani grevillea, uache kwa milango ya ndani, unapenda kujikunja. Ubao wa MDF, ule wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, usikaribie mlango wa nje hata kidogo, hata muuzaji akikuapia.

Baada ya ukataji miti katika misitu ya umma kusimamishwa Februari 2018, niliona mbao nyingi zikiuzwa mbichi, hazijakaa. Mbao mbichi ikifungwa mlangoni Mei, Januari yake utaona nyufa unazoweza kupitisha sarafu. Mwombe muuzaji au seremala atumie kipimo cha unyevu mbele yako, na asilimia 12 hivi ndiyo ya kutafuta. Kama hana kipimo, linganisha mbao mbili za saizi moja za mti mmoja, na iliyo nzito zaidi ndiyo yenye maji. Nunua mapema, zipange ndani ya nyumba na vijiti kati yake, ziache wiki kadhaa.

Kuzungumza na seremala

Usimpelekee picha ya simu uliyoitoa mtandaoni. Mpeleke nyumbani. Seremala wetu, mzee mmoja ambaye amefanya kazi karibu na Gikomba tangu ujana wake, alipofika Pangani hakuutazama mlango wa chuma kabisa. Alienda moja kwa moja kwenye mlango wa stoo, akaufungua na kuufunga mara tatu, akamwambia shangazi, "Mama, mlango wenu uko hapa. Nitauongeza tu urefu." Alikuwa na maana kwamba upana wa mbao, pembe ya ukingo wa paneli, vyote alikuwa ameviona.

Muulize jambo hili moja: paneli utazigandisha kwa gundi? Akijibu ndiyo, mshukuru, tafuta mwingine. Mbao hupanuka na kusinyaa kwa upana wake mvua zikija na kuondoka, na mlango wa paneli ulibuniwa kwa ajili hiyo: mbao za kusimama na za kulala zinashikana kwa ulimi na tundu, na paneli inakaa huru ndani ya mfereji, ipumue. Ukiigandisha itapasuka katikati. Mwambie pia mbao za kusimama zisipungue inchi 4 kwa upana, kitasa kipate pa kukaa. Kubalianeni kwa maandishi aina ya mti, unene, na kwamba utauona mlango kabla haujapakwa kitu, kwani vanishi huficha viraka.

Usalama, bila kuigeuza nyumba jela

Hofu ndiyo iliyotung'olea mlango, kwa hiyo siidharau. Lakini wezi mara nyingi hawavunji ubao, huvunja pale kitasa kinapoingia kwenye fremu. Nguvu zako zipeleke hapo. Weka kitasa cha kuzamishwa chenye leva tano, yaani vibamba vitano vya ndani ambavyo ufunguo huviinua. Bamba linalopokea ulimi wa kitasa lifungwe kwa skrubu za inchi 3 zinazopita fremu mpaka ukutani, na nyuma yake upitishwe ukanda wa chuma uliozamishwa kwenye mwimo na kupakwa rangi usionekane. Kwa mabawa mawili, bawa linalotulia liwe na makomeo juu na chini, la chini likiingia kwenye tundu la sakafu na la juu kwenye mbao ya fremu. Bawaba ziwe tatu, za inchi 4, za brasi.

Vioo vikiwa karibu na kitasa, weka vile vya tabaka mbili vyenye utando katikati. Vikivunjwa havianguki.

Ukihitaji grili, iwe ndani ya mlango, siyo mbele yake. Mbele inauficha mlango na kumpa mwizi mahali pa kushika. Na tafadhali, isifungwe kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko chumbani kwa baba. Moto ukitokea usiku, watu hufia kwenye grili zao wenyewe. Ufunguo utundikwe karibu, ndani, mbali na mkono wa mtu wa nje, na kila mtu wa nyumba aujue, hata mtoto.

Ruhusa

Kama jengo limetangazwa kuwa turathi chini ya sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006, usiguse kabla ya kuzungumza na Makavazi ya Taifa. Nyumba za kaunti, kama zile nyingi za Eastlands, si zako hata ukiwa umezaliwa humo, basi omba idhini kwa maandishi, na ule mlango wa zamani uhifadhi.

Kuufunga na kuupaka

Acha mwanya wa milimita 3 pande mbili na juu. Mlango uliobana kiangazi hautafunguka Aprili. Chini acha 6 hadi 10, na kama mvua inaurukia, seremala aongeze ubao mdogo wa mteremko unaomwaga maji nje ya kizingiti.

Kabla ya kuupachika, paka kingo zote nne: pande mbili, juu na, hasa, chini. Mafundi wengi huacha ukingo wa juu na wa chini kwa kuwa havionekani, kumbe hapo ndipo nyuzi za mbao zimekatwa wazi na hunywa maji kama mrija. Huu ndio ugonjwa wa ile milango inayovimba kila msimu.

Nairobi iko karibu na ikweta na juu, kiasi cha mita 1,700 toka usawa wa bahari, na jua lake ni kali kuliko hewa yake inavyoonyesha. Mlango unaotazama magharibi huchomwa kila alasiri, na vanishi inayong'aa hapo hubanduka kama ngozi. Kwa mlango kama huo chagua rangi ya mafuta, au mafuta ya mbao yanayopenya ndani na kupakwa tena bila kukwangua. Ulio ndani ya veranda unaweza kuvaa vanishi. Upande wa rangi, kwangua pembe moja ya fremu ya zamani kwa maji uone tabaka la chini kabisa. Letu lilikuwa kijani kibichi kilichoiva, nasi tukakirudisha.

Februari, kabla ya mvua ndefu, na tena Septemba kabla ya vuli, futa vumbi, kaza skrubu, tia tone la mafuta kwenye bawaba, pitisha kitambaa cha mafuta kwenye sehemu ya chini. Ni kazi ya nusu saa.

Mzee wetu alipomaliza, kabla ya kuupachika mlango aliuegemeza ukutani, akatoa penseli nyuma ya sikio, akaandika kwenye ukingo wa upande wa bawaba: mvule, urefu, upana, mwezi na mwaka. Kisha akapaka mafuta juu ya maandishi na kuuinua mahali pake. Mwombe seremala wako aandike vivyo hivyo, na kama umetumia mlango wa nyumba iliyobomolewa, aongeze na jina la mtaa ulikotoka.